Mwalimu anauliza: kila ajali tunaambiwa ni uzembe wa dereva, serikali ifanye nini zaidi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, mkoani Mbeya. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wanaishi ng'ambo ya barabara. Mwaka jana tulimzika mwanafunzi wa darasa la tatu aliyegongwa akitoka shule. Viongozi walikuja, dereva akakamatwa, tukaambiwa ni uzembe na mwendo kasi. Trafiki walikaa pale na tochi za kupima mwendo wiki mbili, kisha wakaondoka. Nauliza, kuna serikali yoyote iliyowahi kupunguza vifo hivi kweli, au tunapiga kelele tu? Na sisi wa huku chini tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Pole hizo naomba uzifikishe kwa wazazi wa mtoto na kwa wenzake wa darasani, maana watoto wa umri ule hubaki na maswali ambayo sisi watu wazima hatuyasikii.

Swali lako la kwanza lina jibu la wazi. Serikali zilizopunguza vifo vya barabarani zipo, na zimevipunguza sana. Sweden ilipoteza watu 541 barabarani mwaka 1997. Mwaka 2019 walikufa 221, na magari yalikuwa yameongezeka. Ufaransa ilizika zaidi ya watu 7,000 mwaka 2002, na kufikia 2010 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 4,000. Madereva wa huko hawakugeuka malaika katika miaka hiyo. Wanalewa, wanachoka, wanachezea simu, wanakimbizana na muda kama wetu. Kilichobadilika ni kwamba serikali zao zilikubali kubeba sehemu ya lawama ambayo hapo awali ilikuwa ya dereva peke yake.

Huo ndio msingi wa yote nitakayokueleza. Oktoba 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera ya kutaka vifo na majeraha makubwa barabarani yafike sifuri. Mmoja wa waasisi wake, Claes Tingvall, na wenzake walianza na jambo ambalo kila mzazi analijua: binadamu atakosea, leo au kesho. Kwa hiyo barabara, gari na kiwango cha mwendo vipangwe ili kosa la sekunde moja lisiishie kaburini. Na aliyechora barabara, aliyeruhusu mwendo fulani, aliyelipeleka basi barabarani, wote wawe na la kujibu mtu anapokufa.

Sasa linganisha na fomu zetu. Ajali ikitokea, askari anajaza chanzo, na mara nyingi chanzo kinakuwa "uzembe wa dereva". Sisemi si kweli. Dereva aliyemgonga mwanafunzi wenu kama alikuwa anakimbia, mahakama imhukumu. Lakini fomu ile haina mahali pa kuuliza kwa nini barabara kuu inapita kati ya shule na kijiji bila njia ya waenda kwa miguu, au kwa nini gari linaweza kupita mbele ya lango la shule kwa mwendo uleule linaopita nao porini. Haiulizi kivuko cha karibu kiko wapi. Dereva akishafungwa, barabara inabaki vilevile, na kesho asubuhi atapita dereva mwingine.

Nikuonyeshe hesabu moja, na ukipenda uwafundishie darasa la saba. Dereva mzima, asiye mlevi, akiona mtoto amejitokeza anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 30 kwa saa linakuwa limeenda mita 8. La kilomita 50 limeenda mita 14, la kilomita 80 mita 22. Baada ya hapo ndipo breki inaanza kazi. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la 30 linasimama ndani ya mita 13 au 14 kwa jumla. Mtoto akijitokeza mita 13 mbele ya gari la 50, linamkuta kabla dereva hajaanza kufunga breki. Na pale ambapo gari la 50 lingekuwa limeshasimama, yaani karibu mita 28, gari la 80 linafika likiwa bado na mwendo wa zaidi ya 70. Dereva yuleyule, macho yaleyale, mtoto yuleyule. Basi lililojaa na lori lenye mzigo ni vibaya zaidi, maana breki zao huchelewa.

Mwili nao una kikomo chake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari la kilomita 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu ukilinganisha na yule anayegongwa kwa 50. Tofauti ya kilomita 15 tu, ambayo dereva haisikii hata kidogo kwenye kiti chake. Kwa jumla, wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa karibu asilimia 4. Ndiyo maana nikiulizwa serikali ishike jambo gani kwanza, sisiti kusema mwendo. Na mwendo unashikwa kwa mambo mawili: umbo la barabara, na hakika ya kukamatwa.

Nianze na umbo. Mfano ulio karibu nasi ni Kenya, kwenye kipande cha Salgaa na Sachangwan katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Ni mteremko mrefu, malori yanashuka yakiwa na mzigo, breki zinapata moto, na wengine huweka gia huru ili kubana mafuta. Kwa miaka mingi watu walikufa pale, na kila mara lawama ilikuwa kwa madereva. Tarehe 31 Desemba 2017, eneo la Migaa, basi na lori viligongana uso kwa uso, watu 36 wakafa. Hatua ya haraka ilikuwa kuzuia mabasi kusafiri usiku nchi nzima. Hatua iliyogusa chanzo ilikuja baadaye: barabara kupanuliwa na kujengwa ukuta wa zege katikati, ili gari lililoshindwa lisivuke kwenda kuwakuta wanaopanda. Dereva wa lori anaweza bado kukosea pale. Kosa lake sasa linaishia ukutani.

Sweden walifanya jambo hilohilo kwa gharama ndogo zaidi, na hili napenda wahandisi wenzangu walifikirie kwa barabara kama hiyo yenu. Walichukua barabara pana za kawaida, wakazigawa njia tatu: mbili upande mmoja, moja upande mwingine, na baada ya kilomita kadhaa wanabadilishana. Katikati wakaweka uzio wa nyaya za chuma. Aliyekwama nyuma ya lori anajua zamu yake ya kulipita inakuja, hivyo hana haja ya kujitosa mbele ya gari linalokuja. Vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa takriban asilimia 80. Ukikumbuka ni ajali ngapi za kusini zinatokana na basi kulipita lori mlimani au kwenye kona, utaelewa kwa nini nalitaja.

Kwa upande wa shule, mfano mzuri uko hapahapa nyumbani. Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend likishirikiana na mamlaka za huko lilifanya kazi kwenye shule za msingi ambako watoto wengi walikuwa wanagongwa. Hawakujenga madaraja. Walijenga njia za miguu, vivuko vilivyoinuliwa juu kama tuta pana, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, alama, na wakawafundisha watoto. Utafiti ulioufuatilia mpango huo ulionyesha majeruhi wakipungua kwa asilimia 26, na mwendo wa magari mbele ya baadhi ya shule ukishuka kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji, ukiwa umeshindana na miradi yenye fedha nyingi kuliko wenyewe. Zege, rangi na mawe. Halmashauri zetu zinavyo vyote hivyo.

Nije kwenye ukamataji. Wiki mbili za tochi ulizoziona, Mwalimu, hazikuwa bure. Kwa wiki mbili watoto wenu walivuka salama zaidi. Tatizo ni kwamba dereva anajifunza mahali alipo askari, hajifunzi mwendo. Umeona wanavyopigiana taa: anayetoka mbele anawasha mara mbili, wewe unapunguza, unampita trafiki na tabasamu, kilomita mbili mbele unarudi kwenye mia. Kenya waliliona hili kwa ukubwa. Februari 2004 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alilazimisha matatu zote ziwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mikanda kwa kila abiria na idadi maalumu ya abiria. Mwanzoni watu walishangaa jinsi barabara zilivyotulia. Baadaye usimamizi ukalegea, vidhibiti vikachezewa, na mengi yakarudi yalikokuwa.

Ufaransa ilitumia mashine. Kuanzia mwishoni mwa 2003 walifunga kamera za mwendo nchi nzima. Ukizidisha, picha inachukuliwa na faini inakufuata nyumbani. Hakuna wa kumbembeleza wala wa kumpa ya soda. Kinachomtuliza dereva ni uhakika kwamba atapatikana. Faini ikiwa kubwa sana huku uwezekano wa kukamatwa ni mdogo, inazaa rushwa tu. Rwanda nao wamekwenda njia hii: mwaka 2015 walitoa amri ya vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa magari ya biashara, kisha wakaweka kamera.

Hapa kwetu nyenzo tunayo, na ndilo jambo linaloniuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kilomita 50 kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na magari makubwa. Mabasi ya mikoani yana VTS, kile kifaa kinacholia basi likizidisha na kupeleka taarifa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kifaa hicho ni mojawapo ya sababu zilizoiwezesha serikali kuondoa zuio la mabasi ya usiku mwaka 2023. Kwa hiyo serikali inajua, kwa kila basi, limepita wapi kwa mwendo gani na saa ngapi, ikiwa ni pamoja na mbele ya lango la shule yenu. Ushauri wangu kwa wakubwa ni kwamba taarifa hiyo imfuate mmiliki wa kampuni, kwenye leseni yake ya usafirishaji, kila mwezi, kabla hajafa mtu. Leo dereva ndiye anayetoa shilingi 30,000 na safari inaendelea.

Namtaja mmiliki kwa makusudi. Ukikaa na madereva utasikia neno moja: hesabu, yaani fedha ambayo mwenye chombo anadai kila siku. Mwenye daladala anataka hesabu yake jioni, mwenye bodaboda anataka yake, na kinachobaki ndicho chakula cha dereva. Kijana mwenye mkataba wa namna hiyo anakimbia kwa sababu kila dakika ya foleni inamla yeye. Wengi hawana mkataba wa maandishi hata mmoja. Safari inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili, lakini dereva asiye na mkataba atamlalamikia nani akipangwa peke yake? Mkaguzi wa kazi akitembelea ofisi za mabasi anaweza kuokoa maisha kama askari mwenye tochi.

Kuhusu kofia ngumu nitasema kidogo tu, kwa kuwa ushahidi hauna ubishi. Ikivaliwa vizuri na kufungwa kidevuni, inapunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kufa na wa kuumia ubongo. Kigali karibu kila abiria wa pikipiki amevaa. Kwetu dereva anayo, tena mara nyingine ameining'iniza kwenye usukani, na abiria hana kabisa. Anakataa kwa sababu ya harufu au nywele, na hakuna anayemsimamisha. Hilo ni la kusimamia, halihitaji utafiti mwingine.

Umeuliza kuhusu vifo, lakini nchi zilizofanikiwa zinahesabu na majeruhi wakubwa, na hapa tuna pengo linalotisha. Mwaka 2016 takwimu za polisi Tanzania zilikuwa vifo 3,256. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 16,252 kwa mwaka huohuo. Hata kama makadirio si hesabu kamili, pengo la mara tano linatuambia watu wengi hawaingii kwenye daftari la polisi. Polisi anaandika anachokiona barabarani. Aliyefariki wodini wiki ya tatu anaweza asirudi kwenye faili lile. Na kijana aliyevunjika uti wa mgongo, anayesukumwa kwenye kiti maisha yake yote, huyo hatumwoni popote. Sweden waliunganisha taarifa za polisi na za hospitali katika mfumo mmoja, ndipo wakajua hasa watu wanaumia wapi. Sisi tunaweza kuanza na hospitali za rufaa za mikoa. Bara letu linahitaji hilo haraka: tangu 2010 hadi 2021 vifo vya barabarani duniani vilipungua kwa asilimia 5, ukanda wa Afrika vikaongezeka kwa asilimia 17.

Jambo la PF3, ile fomu ya polisi anayodaiwa majeruhi hospitalini, nalo lisemwe hapa. Majeruhi anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuatwe baadaye na ndugu au na askari mwenyewe. Sehemu ya vifo inaamuliwa katika saa ile ya kwanza.

Sasa mwanzie wapi. Msiandike barua ya malalamiko, andikeni barua yenye vipimo. Pimeni mita 100 kando ya barabara kwa tepu ya fundi, wekeni alama mbili kwenye nguzo au jiwe, mbali na lami. Watu wazima wawili wasimame, mmoja kila alama, wanafunzi wasihusishwe. Gari likifika alama ya kwanza mmoja anyooshe mkono, wa pili aanze kuhesabu kwa saa ya simu hadi limfikie. Sekunde 7.2 ni kilomita 50 kwa saa. Sekunde 4.5 ni kilomita 80. Fanyeni asubuhi wakati wa kuingia na mchana wakati wa kutoka, siku kadhaa, kwa magari mengi kadiri mtakavyoweza, na muandike pia aina ya gari. Ofisi inaweza kupuuza kilio. Karatasi inayoonyesha kwamba mabasi manane kati ya kumi yanapita shuleni juu ya 50 ni vigumu kuiweka kabatini.

Hesabuni pia watoto wanaovuka, na muandike wanavukia wapi hasa. Kivuko kikiwekwa mita 200 kutoka njia yao ya kawaida hawatakitumia, na lawama itawarudia wao. Kisha nendeni zahanati mwombe idadi ya waliogongwa eneo lenu kwa miaka michache, pamoja na wale walioumia kidogo, bila majina.

Barua ipitie kamati ya shule na serikali ya kijiji, iende kwa Meneja wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, wa mkoa wenu. Ingekuwa barabara ya mtaani mngeandika TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Nakala apate Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, na diwani wenu. Msiombe tuta tu. Tuta lililofutika rangi, bila kibao wala rasta (ile mistari iliyoinuka inayotetemesha gari) mbele yake, usiku linaua bodaboda. Ombeni njia ya miguu pande zote mbili, kivuko kilichoinuliwa chenye rasta na alama kabla yake, vizuizi vya kuzuia magari kuegesha langoni, na lango la shule lihamishiwe panapotazamana na kivuko. Mkiweza kutoa nguvu kazi kwenye njia ya miguu, semeni ndani ya barua, maana gharama inashuka na kisingizio kinapungua.

Wakati mnasubiri, pangeni mtu mzima mwenye kizibao cha kung'aa avushe watoto kwa makundi saa zile mbili za hatari. Wadogo wa darasa la kwanza hadi la tatu wasivuke peke yao; jicho lao bado halijui kukadiria mwendo wa gari linalokuja.

TANROADS wakikubali watakuja na mchoro. Kabla kijiji hakijaupokea, nitumie picha yake niupitie. Nitaangalia kwanza upana wa njia ya miguu na umbali wa rasta kutoka kwenye kivuko, kwa sababu fedha zikipungua hivyo ndivyo vinavyokatwa mapema.